Mahindi Yalikuwepo

Siku ya kuniaga, vijana wa ghalani walinipa kitenge na saa ya ukutani, wakasema, "Mama Hadija, tuandikie mambo ya zamani, tujifunze." Saa ilikufa kabla wiki haijaisha. Kitenge ninacho, nimejifunga hapa nikiandika, nyumbani kwangu Miyuji. Nawaonya mapema: sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nani alinichelewesha. Mwenye hamu ya hayo aende masjala, faili langu litakuwa bado lipo kama panya hawajalila.

Kazi yangu ilikuwa chakula cha msaada. Kwenye karatasi kilikuwa na jina refu, mitaani kiliitwa mahindi ya njaa. Nilikipokea, nikakitunza, nikakitoa. Ukiisikia hivyo unaona ni kazi nyepesi, na mimi niliona hivyohivyo siku nilipoteremka kwenye basi kutoka Kondoa, nina cheti cha utunzaji wa bohari na viatu vilivyong'arishwa. Mzee Yona, msimamizi wa mizani, alivitazama viatu kwanza, kisha ndiyo akanitazama mimi. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanipa bambo.

Bambo mnalijua, au niseme mnapaswa kulijua, maana siku hizi naona limelala kabatini. Ni bomba la chuma lenye ncha. Unalichoma kwenye gunia, punje zinateremka hadi kiganjani mwako. Nikachoma, nikatazama, nikasema mahindi mazuri. "Umeyang'ata?" akaniuliza. Sikuwa nimeyang'ata. Akachukua punje moja, akaitia kwenye magego, ikalia kwa mlio mkavu. Akachoma gunia la chini kabisa, lililokuwa limegusa ukuta, akanipa punje niing'ate mwenyewe. Ile haikulia, ilibonyea. "Magunia kwa nje yote ni mamoja," akasema. "Nyie Warangi mmezoea vilima. Hapa kwetu tambarare, kitu hakibiringiki chenyewe kikuonyeshe kasoro. Utakitafuta." Nikamwambia kwetu nako vitu havibiringiki vyote. Akacheka, na tangu siku hiyo tukaelewana.

Yeye ndiye aliyenifundisha kupanga magunia juu ya chaga za mbao yasiguse sakafu, na kuacha nafasi ukutani mtu apite akikagua. Alinifundisha kushona mdomo wa gunia kwa shazia bila kujichoma kidole, na kunusa ghala asubuhi kabla ya kuwasha taa. Kulikuwa na paka pia. Paka hakuwa na fungu serikalini, lakini ndiye mtumishi pekee pale aliyelipwa kila siku aliyofanya kazi.

Sasa niwaeleze jambo ambalo nyie mmelikuta limezoeleka. Nilipoanza, mkoa ulikuwa na malori yake. Yalikuwa mabovu, madereva wake walevi, lakini yalikuwa yetu, na njaa ikipiga kijiji yalikwenda. Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka yakajaa, sabuni tukanunua bila foleni, nami nilifurahi kama mwingine yeyote, siwezi kujifanya. Lakini malori ya mkoa yakauzwa kwa mnada, na makuli waliokuwa wa kudumu wakapunguzwa. Ikawa chakula kikitakiwa kwenda mahali, gari linakodiwa kwa mtu binafsi, na mtu binafsi anataka fedha mkononi, hataki ahadi ya karatasi.

Hapo ndipo tulipokwama, na naomba mnielewe vizuri. Mahindi yalikuwa na fungu lake la fedha na safari ilikuwa na fungu lake, na mafungu haya mawili hayakujuana. Serikali nayo ikawa inatumia kile ilichokusanya, mwezi kwa mwezi. Mwezi ukiwa mbaya, mishahara kwanza, madeni ya nje yafuate, na sisi tulikuwa mkiani. Basi inatokea ghala limejaa hadi karibu na paa, na watu wanalala njaa mahali ambapo ungefika kwa miguu, na hakuna gunia linalosogea. Mtaniambia siku hizi mna kompyuta. Sijaona kompyuta iliyobeba gunia.

Kuna mwaka mmoja ambao ndio uliofanya nikubali kuandika haya.

Mvua ya mwaka uliotangulia ilikatika uwele ukiwa bado haujashika punje. Kufika kiangazi, kaskazini mwa mji watu walikuwa wameshaanza kuhemea. Kwa msiotoka huku, kuhemea ni kufunga safari kwenda kutafuta chakula kwa jasho lako. Unakwenda kwa watu, unalima, unapalilia au unachota maji, unalipwa nafaka, unarudi nayo kwa wanao. Haina aibu, watu wameishi hivyo tangu zamani. Wanawake wa kijiji nitakachowaeleza walikuwa wakienda mashamba ya zabibu Makutupora, wanapogoa, wanafunga matawi, wanarudi na unga.

Katika kijiji hicho kulikuwa na mama anaitwa Damari. Mjane, watoto watatu, rika langu. Kamati ya chakula ilimchagua asimame kwenye mizani kwa sababu hakuna aliyeweza kumchezea. Tulipopeleka mgao wa kwanza, alimwambia dereva wetu ashushe mguu uliokuwa umekanyaga jukwaa la mizani. Dereva akasema hakuwa ameona. Damari akamjibu, "Mimi nimeuona." Nikampenda palepale.

Siku hiyo mkuu wetu wa kitengo, tuliyemwita Bosi tu, alikuja mwenyewe. Alipanda juu ya lori akashika kipaza sauti. Akawaambia kwamba mgao wa pili utaletwa kabla ya mvua, kwa hiyo mtu asiende kuhemea, abaki asafishe shamba, mvua ikinyesha imkute ana mbegu mkononi. Akaongeza kwamba asiyekuwepo siku ya mgao jina lake litarukwa. Hakuwa mtu mbaya, Bosi. Agizo lilitoka juu na lilikuwa na maana: mkulima akiwa kibaruani Makutupora wakati wa kupanda, njaa inaendelea mwaka mwingine. Watu wakaitikia. Waliokuwa tayari kwenye zabibu wakatumiwa salamu, wakaacha vibarua, wakarudi. Damari alikuwa ameshafunga mzigo wake wa safari. Akaufungua.

Kabla hatujaondoka alinikaribisha kwake ninywe maji. Nyumba ya tembe, ndani giza la ubaridi, na kando ya mafiga amekaa mama mkwe wake, Bibi Loi, mwembamba, macho makali. Juu ya mafiga, kwenye kichanja, kulikuwa na masuke ya uwele yamefungwa mafungu, meusi kwa moshi. Mimi na ushamba wangu wa ghala nikauliza wanatia dawa gani ya wadudu. Bibi Loi hakukijua Kiswahili sana, Damari akamtafsiria. Akanijibu kwa Kigogo, Damari akacheka. "Anasema dawa ni kupika kila siku."

Ile ilikuwa mbegu. Kwao mbegu ni ya mwanamke mkubwa wa nyumba. Alipewa na mama mkwe wake, naye alipewa na wake. Haiteremshwi mpaka yeye mwenyewe atoke nje, aone mvua imelowesha udongo inavyopasa, aseme, "Haya." Damari alikuwa ameolewa hapo miaka mingi na hakuwahi kuigusa kabla hajaambiwa. Ilikuwa uwele unaowahi, aliniambia, unaiva hata mvua ikikukimbia. Nikanywa maji, nikamwaga bibi, nikaondoka.

Mgao wa pili tulikuwa nao. Nataka hili likae vichwani mwenu. Magunia ya kijiji hicho yalikuwa ghalani, yamepimwa, yameshonwa, yamewekwa peke yake karibu na mlango. Kilichokosekana ni fungu la safari. Bosi alikwenda kuuliza asubuhi, akarudi, akasema mwezi huu hakuna. Mwezi ukapita. Akaenda tena, akarudi, akakaa, nasi hatukumuuliza. Lori tulilozoea kulikodi lilipita mbele ya ghala letu likiwa limesheheni mahindi ya mfanyabiashara, likielekea kwenye faida.

Asubuhi moja nafungua lango nakuta wanawake wamekaa nje na punda wao. Walikuwa wametembea tangu usiku. Nilimtambua Damari kwa sauti, uso ulikuwa umebadilika.

"Mbukwa, Mama Hadija."

"Mbukwa, dada. Za nyumbani?"

"Nyumbani wamelala njaa. Mahindi yetu yapo?"

"Yapo."

"Tuyaone."

Sikuwa na sababu ya kuwakatalia macho. Nikafungua mlango wa ghala, wakasogea wakasimama kizingitini. Walitazama magunia. Mmoja alikuwa anasogeza midomo, nadhani alikuwa akiomba.

"Sasa tatizo nini?" Damari akauliza.

"Gari."

"Hatukuomba gari. Punda hawa hapa. Yatakayobaki tutajitwika."

Nilikwenda kwa Bosi karibu nikikimbia, kwa sababu niliona jambo limepata ufumbuzi. Bosi alinisikiliza, akashika kichwa. Hati ya kutolea mahindi ilikuwa na mahali pa kuandika namba ya gari, leseni ya dereva na saini ya dereva. Bila hivyo mahindi hayatoki. Msikimbilie kucheka. Sharti lile liliwekwa kwa sababu miaka hiyo mahindi ya msaada yalikuwa yanakutwa sokoni, yamo ndani ya magunia yetu yaleyale, na watu walikuwa wamefungwa. Mahindi yakitoka bila gari, mkaguzi atasema yameuzwa, na atakayeulizwa ni Bosi, na baada ya Bosi ni mimi.

"Punda ana namba?" Bosi akaniuliza. Hakuwa anatania, alikuwa ananiuliza kweli, kama mtu anayetumaini kwamba labda anayo.

Mzee Yona alikuwa amenifuata. "Andika jina lake," akasema.

Bosi akapiga simu juu. Akaeleza punda, akaeleza wanawake, akaeleza umbali. Tuliisikia sauti ya upande wa pili ikimtaka arudie hiyo habari ya punda. Jibu likawa: msitoe kitu, msubiri fungu lifunguliwe. Akaiweka simu chini taratibu, akaniambia nikawaambie. Nikamwambia akawaambie yeye. Akaenda, hilo nampa, hakunitupia.

Wanawake hawakufanya fujo. Ningefurahi wangefanya. Walikaa kwenye kivuli cha ukuta hadi baada ya swala ya alasiri, tukachangishana tukawanunulia mihogo wakala. Kabla ya kuondoka mmoja alinyooshea kidole sakafu ya ghala, pale zilipomwagika punje, akauliza kama wanaweza kufagia. Mzee Yona akasimama mlangoni akatandaza mikono. Sakafu ile ilikuwa imenyunyiziwa dawa ya dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, wiki hiyo. "Ina sumu, mwanangu," akamwambia kwa Kigogo, na nikaona machozi yanamtoka mtu ambaye sikuwahi kumwona akitoa hata jasho. Punda wakageuzwa, wakarudi kwao mgongo mtupu.

Yaliyotokea huko nilielezwa na Damari mwenyewe baadaye, na ninaandika alivyonieleza. Kurudi Makutupora haikuwezekana tena, nafasi zao kwenye zabibu zilishachukuliwa na watu wengine. Walichemsha majani ya porini mpaka tumbo la mtoto mdogo likakataa. Akamwomba mama mkwe mbegu. Bibi Loi akasema mvua bado. Akamwomba siku ya pili, akapewa jibu lilelile. Siku ya tatu Damari hakuomba. Alipanda juu ya kinu akafikia kichanja, akafungua mafungu, akatwanga, akapika uji, akawapa watoto. Akamwekea na bibi kibuyu chake. Bibi akakisogeza kando.

"Akasema nini?" nilimuuliza.

"Akasema, mimi siwezi kula mwaka wa kesho."

Hakula siku hiyo wala zilizofuata. Damari alijaribu kumlisha kwa kijiko, bibi akafunga meno. Hakumgombeza, hakumlaani, wajukuu walipokula aliwatazama na akasema wale washibe. Yeye tu ndiye hakuweza. Majirani nao walikuwa wameshaanza kuteremsha za kwao, nyumba moja baada ya nyingine, na vinu vikasikika kijiji kizima kama vile kuna harusi.

Kisha mvua ikanyesha. Ilinyesha vizuri, kwa utulivu, mvua ambayo Ugogo unaiona mara chache. Ilipiga mabati ya ghala tusisikilizane. Mzee Yona alisimama mlangoni akiitazama, akasema, "Inanyesha kwetu," kisha akarudi kwenye mizani yake.

Fungu likafunguliwa wakati udongo umeshaanza kukauka juu. Lori likapatikana, likanasa kwenye korongo, tukasukuma, tukafika tumejaa matope. Watu walijipanga. Damari alisimama kwenye mizani yake kama kawaida, kazi ni kazi. Karani mpya, kijana aliyeletwa kutoka makao makuu, alikuwa anaita majina. Akaita Loi. Akaita tena.

"Hayupo," Damari akasema.

"Alikwenda kuhemea? Si waliambiwa wasiondoke?"

"Hakuondoka. Amekufa."

Kijana akasema pole, akapiga mstari, akaita jina linalofuata. Mimi nilikuwa nashona gunia lililopasuka, nikaendelea kushona, maana sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Mahindi yale yalikuwa ya njano, ya kutoka nje. Watu walikula sehemu, na kwa kuwa hawakuwa na kingine, sehemu wakapanda. Hata Damari alipanda. Niliwaambia hayatawafaa. Wakaniuliza basi wapande nini. Yalikuja juu, ya kijani, yanapendeza kuyatazama, halafu yakaungua yalipotaka kubeba.

Baada ya msimu ukaitishwa mkutano wa tathmini mjini, kwenye ukumbi wenye feni na soda. Taarifa ikasomwa. Kijiji chetu kilikuwa kwenye ukurasa wa mbele: mvua ilikuwa ya kutosha, lakini wananchi hawakulima ipasavyo kwa kutegemea chakula cha bure. Mwenyekiti, mtu wa kutoka juu, akataka uhakika. Akauliza nani anahusika na ghala. Nikasimama.

"Kipindi hicho mahindi ya msaada yalikuwepo au hayakuwepo?"

"Yalikuwepo," nikasema. "Ila..."

"Ahsante. Ulichoulizwa ni mahindi."

Nikasema gari halikuwepo. Nikasema walikuja na punda. Watu wakacheka, wakidhani nachangamsha kikao. Mwenyekiti akasema usafiri una kamati yake na utajadiliwa huko. Bosi alikuwa amekaa karibu nami, akainamisha kichwa. Mwandishi wa kikao akaandika kwamba mahindi yalikuwepo, na kwa msingi huo mgao wa mwaka uliofuata wa kijiji kile ukapunguzwa, ili watu wahimizwe kulima.

Nilimwambia Mzee Yona, aliyekuwa anajiandaa kustaafu. Akaniuliza kama nilijibu kweli. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi hawawezi kukufukuza." Sijawahi kuambiwa jambo la kunifariji likaniuma hivyo. Nilikasirika miaka, na hasira hiyo ndiyo iliyonifanya kila mkutano niulize swali la gari kabla ya swali la mahindi, hadi mkaniita Mama Magari nyuma ya mgongo wangu. Nilikuwa nasikia. Endeleeni kuuliza hivyohivyo, hata wakiwacheka.

Mara ya mwisho kumwona Damari nilikuwa nimekwenda Makutupora kununua zabibu za mgeni. Nilimkuta ndani ya shamba la mtu, na mkasi wa kupogolea, kichwani kofia ya kampuni ya mbolea. Alinikumbuka. Tukasalimiana sana. Nikamuuliza shamba lake, akasema amemwachia mtu wa mjini, anapanda alizeti.

"Ule uwele wa bibi hukuupata kwa majirani?"

"Walikuwa wamekula. Nilikwenda hadi vijiji vya ng'ambo. Huko nao wana wa kwao, wa kuchelewa."

"Na watoto?"

"Wazima. Wanakula. Nanunua sembe dukani."

Nikatafuta maneno ambayo mtu wa huku humwambia mwenzake bila kufikiri.

"Mvua ya mwaka huu nzuri," nikamwambia.

Alikata kitawi, akakitupa chini, akashika kingine.

"Nasikia," akasema.